Chupa ya Parure ya marehemu mama: imeharibika, au ni pua yangu isiyoielewa?

Binti wa Kibokoni anauliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wapenda manukato. Marehemu mama aliniachia chupa ya Parure, manukato ya nyumba ya Kifaransa ya Guerlain, ambayo baba, aliyekuwa baharia, alimnunulia Marseille mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama hakuipaka ovyo. Siku za kawaida alitosheka na udi na halwaridi, na Parure ilitoka ndani ya kasha la nguo kwa harusi na Idi tu, ndiyo maana hadi leo imebaki zaidi ya nusu. Tangu nilipoirithi, yapata miezi minne sasa, nimeiweka juu ya meza ya kioo karibu na dirisha, kwa sababu chupa yenyewe inapendeza kutazama.

Tatizo ni kwamba nikiifungua, harufu ya kwanza inayonipata ni kali na inachoma, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, kisha hufuata kitu kichungu kama gome la mti lililoloa mvua. Yale maua ninayoyakumbuka kwenye buibui la mama siyapati hata kidogo, na rangi yake imekoza kama chai ya mkandaa. Muuzaji mmoja niliyemwonyesha alinusa mdomo wa chupa mara moja tu, akaniambia imeoza, afadhali niimwage na chupa niitumie kwa marashi mengine. Je, ni kweli imekwisha? Na kama imekwisha, kuna manukato yanayouzwa leo yanayoikaribia? Nimesikia kwamba Guerlain hawaitengenezi tena.

Mfukizaji wa Ndia Kuu anajibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Tafadhali usiimwage. Aliyenusa mdomo wa chupa alinusa matone yaliyogandia shingoni na kupigwa na hewa kwa zaidi ya miaka 40. Manukato yaliyomo ndani hakuyafikia. Chukua kitambaa cha pamba kilicho safi, kitie maji moto kidogo, uifute shingo na kizibo kwa nje, viache vikauke, ndipo utie tone moja tu juu ya mkono. Halafu usinuse. Nenda ukapike chai, urudi baada ya dakika 20.

Nitakueleza kwa nini. Parure ilitungwa na Jean-Paul Guerlain mwaka 1975, nayo ni ya ukoo wa manukato uitwao chypre, jina ambalo kwa Kifaransa ni kile kisiwa cha Kupro. Ukoo huo ulipata jina lake kutokana na Chypre, manukato ya mtungaji wa Kifaransa François Coty ya mwaka 1917, na tangu hapo umesimama juu ya mafiga matatu: juu ni bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa Calabria, kusini mwa Italia, katikati ni labdanamu, utomvu mweusi unaonata wa kichaka cha pwani za Mediterania, ambao Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba hukutwa umeganda kwenye ndevu za mabeberu, na chini kabisa ni kuvumwani wa kijivu anayeota juu ya magome ya mialoni. Maua huwekwa baina ya hayo, na yakizidi kuwa mengi ndipo husemwa kuwa ni chypre ya maua.

Sasa katika mafiga hayo, lile la bergamoti ndilo hufa mwanzo, kwa sababu mafuta ya jamii ya ndimu hayavumilii hewa, mwanga wala joto. Kinachokuchoma pua ni maiti ya bergamoti. Labdanamu na kuvumwani hawana haraka hiyo. Chupa iliyotunzwa vizuri huwabakiza miaka 50 na zaidi. Kasha la mama lilikuwa giza tupu, na mama alijua alilolifanya, wakati miezi minne ya jua la dirishani huenda imefanya madhara zaidi kuliko miaka 40 ya kasha. Irudishe leo hii. Wengine watakushauri friji, lakini kwa namna umeme unavyokatika mtaani kwetu, chupa itakuwa inapoa na kupata joto kila mara, na kwangu mimi kasha lina salama zaidi.

Kijana wa Likoni anajibu:

Kwa heshima zote, mimi niliwahi kunusa chypre ya zamani kwa rafiki yangu, na niliyoyapata ni harufu ya nyumba iliyofungwa masika nzima. Pengine yule muuzaji alisema kweli.

Mama Asumini wa Makadara anajibu:

Mwanangu wa Likoni, hujakosea unachonusa, ila umekihukumu mapema. Lugha yetu imetupa maneno mawili, kunuka na kunukia, na chypre nzuri hukaa katikati ya hayo mawili bila kuanguka upande wowote. Wazee wetu hawakuliona hilo kuwa ajabu. Zabadi ikitoka kwa ngawa, hakuna atakayeisogelea. Ikichanganywa kwa kiasi chake, watu hugeuza shingo njiani.

Mimi niliipaka Parure miaka ya 1980, nikiazima kwa wifi yangu, kwa hiyo ninasimulia kwa kumbukumbu ya ngozi. Kwanza huja kitu kama plamu iliyoiva ikapasuka, tamu lakini yenye ukakasi wa ganda lake. Nyuma yake ni waridi na asumini, na ua jingine la baridi la Ulaya liitwalo laila (lilac), ambalo kwa ajabu yake halikubali kutolewa mafuta, hivyo watungaji hulijenga upya kwa kuchanganya vitu vingine hadi pua idanganyike. Maua hayo yote yangekuwa peremende kama si kile kichungu cha chini. Tazama kikuba: kwa nini tunatia rehani na mkadi pamoja na asumini? Asumini peke yake hadi usiku wa manane huchosha kichwa, na ukali wa rehani ndio unaoifanya ibaki ua. Kuvumwani hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya Parure, ila kwa sauti nzito zaidi, na ndiyo maana hata harusini, penye moshi wa chetezo na jasho la lelemama, mwenye kuipaka alitambulika akipita.

Neno lenyewe, parure, maana yake ni seti kamili ya vito vya kuvaliwa pamoja: kidani, herini na bangili. Baba yako baharia alijua kuchagua. Kuna wanawake wangepewa dhahabu yenyewe wasifurahi hivyo, ingawa sisemi kwamba mimi ni mmoja wao.

Mwanakemia wa Tudor anajibu:

Ningependa kulijibu lile swali la pili, la mbadala, kwa sababu hapo ndipo penye uchungu halisi. Kuvumwani wa mwaloni kwa asili yake hubeba atranoli na kloroatranoli, ambazo huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi. Kwanza sekta ya manukato yenyewe ilijiwekea mpaka, kwamba dondoo lake lisizidi asilimia 0.1 ya manukato yanayopakwa mwilini. Kisha mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku viambato hivyo viwili, na tangu Agosti 2021 hakuna bidhaa yenye navyo inayoruhusiwa kuuzwa huko. Watungaji wa leo hutumia kuvumwani aliyeondolewa vitu hivyo, au huziba pengo kwa pachuli, mafuta ya majani yenye harufu ya udongo. Kwa hiyo, hata jina la zamani likirudi madukani, fomula haiwezi kuwa ile ile.

Kati ya yanayopatikana, jaribu Mitsouko ya nyumba hiyo hiyo ya Guerlain, ya mwaka 1919. Tunda lake ni pichi badala ya plamu na maua yake ni machache, lakini ule uti wa mgongo utautambua. Femme ya Rochas ya mwaka 1944, iliyotungwa na Edmond Roudnitska, ndiyo yenye plamu. Jihadhari tu kwamba fomula yake ilirekebishwa mwaka 1989 na kutiwa jira, na kwa pua ya Mombasa jira ni pilau. Mke wangu alinifukuza sebuleni.

Ama kununua Parure nyingine ya zamani kwa mtandao, nenda polepole. Mimi nililipa fedha nzuri kwa muuzaji mmoja wa nje, nikaletewa chupa halisi iliyojazwa kolonya ya kawaida. Ukikusudia kununua, omba picha ya kizibo ambacho hakijawahi kufunguliwa na ya maandishi ya chini ya chupa. Chupa za Guerlain zilizoandikwa Parfum de Toilette nyingi ni za miaka ya 1980, na hizo huwa nzito na huvumilia zaidi kuliko zile nyepesi za Eau de Toilette. Kule Versailles, Ufaransa, kuna hifadhi ya manukato iitwayo Osmothèque, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo huweka hazina yake kwenye nyuzi 12 za Selisiasi na kuifunika kwa gesi ya agoni ili hewa isiiguse. Sisi hatuna agoni, lakini kuna jambo tunaloweza kuliiga: chupa iliyobaki nusu ina nusu nyingine ya hewa. Ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo cheusi itakayoijaza hadi juu, na chupa ya mama uiweke wazi dirishani ikiwa tupu.

Binti wa Kibokoni anarudi:

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Ndia Kuu hasa. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Kitambaa kilichofuta shingo kilitoka na ukoko wa kahawia unaonata kama sukari guru, na huo ndio uliokuwa ukinuka. Tone moja nikalitia mkononi na jingine kwenye pindo la kanga. Dakika za mwanzo zilikuwa zile zile, dawa ya kucha, nikakaribia kukata tamaa. Chai ilipochemka ndipo plamu ilipojitokeza, na kufikia magharibi nikayapata maua, ingawa laila sijui harufu yake hivyo siwezi kusema kama nimelikuta.

Asubuhi nikainusa ile kanga. Maua hayakuwapo tena, limebaki lile gome lililoloa, likiwa limechanganyika na ngozi na utamu kidogo, na hapo nikagundua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama aliporudi harusini alfajiri akaja kutufunika shuka. Harufu aliyotoka nayo jioni sikuwahi kuwa karibu naye vya kutosha kuikumbuka.

Mwanakemia, chupa ndogo nyeusi nitaitafuta Jumatatu. Ila ile ya mama sitaiacha tupu kabisa. Nitabakiza vidole viwili chini, na itarudi kashani.