Shibli Nomani: nimwandike kama sheikh au kama mhakiki wa ushairi?

Kalamu_Kavu: Wakuu, habari zenu. Nasoma uzamili wa fasihi na tasnifu yangu namwandika Shibli Nomani (1857–1914), mwanazuoni wa Azamgarh, kaskazini mwa India. Wengi wanamjua kwa sira ya Mtume aliyoianza, mauti yakamkuta hajaimaliza, mwanafunzi wake Sulaiman Nadvi akaiendeleza. Mimi kilichoninasa ni Shi'r al-Ajam, juzuu 5 za historia ya ushairi wa Kiajemi alizoziandika kwa Kiurdu. Sasa msimamizi kaninyang'anyia usingizi. Pembeni ya pendekezo langu kaandika kwa wino mwekundu: "Sheikh au mhakiki? Amua." Isitoshe Kiajemi nasoma kwa kuungaunga, Kiurdu ndiyo sijui kabisa. Nibadili mada?

Mzee_wa_Diwani: Usibadili, mwanangu. Huyo bwana aliingia chuo cha Aligarh mwaka 1883, akafundisha Kiarabu na Kiajemi miaka kama 16 katikati ya watu waliotaka elimu ya Kizungu. Baadaye akahamia Nadwa, chuo cha dini huko Lucknow, kwa maulamaa. Mwaka 1892 alifunga safari pamoja na Mwingereza waliyefundisha naye, Thomas Arnold, akafika Istanbul, Sham na Misri, kote akifukua maktaba. Utampasua wapi hapo? Mwambie msimamizi kuwa usheikh wake ndio uliomfanya asome mashairi kwa makini vile.

Bint_Sahil: Kaka, naona tatizo lako ni upana. Juzuu 5 za nini zote? Kamata ya 4. Humo anaweka kando wasifu wa washairi, anauliza shairi lenyewe ni nini. Jibu lake lina nguzo mbili. Muhakati ni kukichora kitu hadi msomaji akione, na takhayuli ni nguvu ya kubuni. Sisi tuliolelewa kwenye ugomvi wa vina na mizani, hapo pana chakula cha sura nzima. Kuhusu lugha, kitabu kilitafsiriwa kwa Kiajemi na Fakhr Da'i Gilani, kwa hiyo hiyo ya kuungaunga itakusaidia. Na mtu anayesema bandari, nahodha na serikali kila siku asijifanye mgeni sana wa Kiajemi 😄

Mbishi_Halali: Mnamsifia mno. Hafiz Mahmud Shirani, mtafiti wa Lahore, aliandika uhakiki mzima kukichambua kitabu hicho: tarehe, nasaba za washairi, beti walizobandikiwa wasiozitunga. Ukiuficha, jopo litakuumbua. Ila sema pia kwamba Edward Browne wa Cambridge, aliyeandika historia ya fasihi ya Uajemi, alikithamini. Shibli alikuwa na sikio la shairi kuliko jicho la tarehe. Hayo ni maoni yangu, nipingeni.

Kalamu_Kavu: Mbishi, hilo la sikio naliiba. Na mjue juzuu hizo zilianza kutoka karibu na 1908, mwaka mmoja tu baada ya bunduki kufyatuka nyumbani kwake kwa bahati mbaya, akakatwa mguu. Nimeacha juzuu nyingine zote. Nashika ya 4, na Shirani anapata sura yake. Kesho naonana na msimamizi.

Bint_Sahil: Nenda na nakala ya hiyo juzuu mkononi, uifungue palepale kwenye muhakati. Akikataa, rudi hapa utuambie kasema nini.