Tupeane uzoefu: jiografia kwa watoto wa shule ya msingi, mnaanzia wapi?

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha darasa la nne hapa Goma. Kitabu changu kinaanza na mabara na bahari, kwetu kinafika mwishoni, watoto wameshachoka. Mwaka huu niligeuza: kila mmoja alete jiwe la nyumbani kwao.

Yakaja mawe meusi tupu, mengine mepesi, yana matundu kama mkate. Tukatoka uani. Jiwe kubwa likawa volkano yetu Nyiragongo, pembeni yake volkano ya pili, Nyamulagira, tukachimba shimo tukamimina maji ya bidoni: ziwa Kivu. Msichana mmoja akakataa kuweka lake chini. Lilitoka Buhene, kwenye kiwanja chao kilichofunikwa na lava Mei 2021. Sikumlazimisha. Alisimama nalo kifuani, akatuonyesha kwa mkono lava ilipita wapi. Somo lile lilikuwa lake, mimi nilisikiliza tu.

Halafu swali: mbona maji ya Kivu yanakwenda Bukavu, hayaji kwetu? Nikaeleza kwamba zamani sana maji ya huku yalielekea kaskazini, volkano zilipoinuka zikaziba njia, ziwa likajaa mpaka likapata mlango kusini, mto Ruzizi. Wakabomoa na kujenga upya ule mlima wa mawe mara tatu ili waone.

Na ninyi je?

Mwalimu wa Bukavu: Asante sana, mama mwalimu. Huo mlango uko kwetu! Mimi naweka beseni moja juu ya meza, la pili sakafuni, katikati mpira wa maji. La juu ni Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari. La chini ni ziwa Tanganyika, kama 770. Maji yakishuka yanazungusha kigurudumu cha vifuniko vya chupa. Hapo wanaelewa umeme wa Ruzizi unatoka wapi.

Baba mwalimu, Lubumbashi: Kwangu ni saa. Mtoto alisema shangazi yake wa Kinshasa ana saa mbovu, kila akipiga simu iko nyuma saa nzima. Nikachukua chungwa na tochi, nikafunga dirisha. Chungwa likizunguka taratibu, mwanga ukatugusa sisi kwanza, Kinshasa baadaye. Yule mtoto akaomba simu yangu ampigie shangazi palepale.

Mwanzisha mada: Chungwa nalichukua, baba mwalimu. Alipokea?

Baba mwalimu, Lubumbashi: Alipokea. Akaambiwa, «Shangazi, saa yako ni nzima, ni jua halijafika vizuri kwako.»