Mbuzi wa pili na kaseti za kaka

*Kikundi cha ukoo, Alhamisi usiku*

Shangazi Ngamiani: Assalaam alaykum nyote. Michango ya dua ya arobaini ya marehemu kaka, Jumamosi: mchele kilo 40, mafuta, mbuzi mmoja. Mbuzi wa pili bado anatembea Muheza. Mwenye mbuzi anajijua 😂

Baba Mdogo Muheza: Waalaykum salaam. Dada usinitangaze, kesho yuko Tanga.

Baba Mkubwa: Narudia neno langu. Tumuombee, tulishe watu, basi. Hii hesabu ya siku arobaini sina dalili nayo kwenye dini.

Shangazi Ngamiani: Kaka, tumekusikia tangu juzi. Dua ni dua. Baada ya alasiri.

Binti wa Marehemu: Shikamooni wazee. Mama kaniruhusu kufungua lile boksi la chini ya kitanda. Yeye na eda yake hataki kuligusa. Kuna kaseti ndogo 63 za DV na VHS 11. VHS nne zimeota ukungu. Nilikuwa namtafuta baba, hayumo. Harusi za watu tu.

Mama Mdogo Dar: Utamwona wapi mwanangu, na kamera kaishika yeye? Harusi yangu mwenyewe 2003 hayumo. Wakwe waliangalia mkanda wakaniuliza, kwenu hakuna mwanaume aliyekuja?

Baba Mdogo Muheza: 😂😂 Na alikuwepo tangu asubuhi

Shangazi Ngamiani: Kupiga video za harusi alianza 1996 na kamera ya M3000 ya kukodi, kaiweka begani kama mkungu wa ndizi. Televisheni yenyewe huku bara ilikuwa na miaka miwili tu. Kaseti saa tatu, na watu wanataka saa zote tatu zijae, hadi mtu anayetafuna mfupa arekodiwe.

Binti wa Marehemu: Ila kuna jambo limenishangaza. Nimezicheza kwenye kamera yake, karibu zote zinaanza na mimi. Nipo mlangoni kwetu nimeshika karatasi nyeupe. Nusu dakika hivi, halafu ghafla ukumbi, bibi harusi wa watu. Nachomeka nyingine, mimi tena, sina meno ya mbele. Nyingine nina sare ya shule. Nyingine nimenuna.

Mdogo Wake: Mbona mimi simo?

Binti wa Marehemu: Umo. Unaila karatasi.

Kijana wa Taa: Shikamooni. Shangazi kaniingiza humu kwa ajili ya dua, naomba nieleze maana nilimbebea taa bosi miaka tisa. Mwanzo wa mkanda hauaminiki, picha inaweza kuruka, kwa hiyo tukio la mtu huliweki pale. Unarekodi chochote kwanza. Wengine wanaacha kifuniko kwenye lenzi, inatoka giza. Bosi alirekodi watoto wake. Karatasi nayo ni ya kuifundisha kamera weupe. Balbu za ukumbi zina rangi ya chungwa, tyubulaiti zina ukijani, usipoionyesha kamera nyeupe ni ipi, shela linatoka kama limechovywa kwenye chai. Lakini hiyo unaifanya ukumbini, chini ya taa zilezile. Haina faida ukiifanya mlangoni kwako Chumbageni saa nane mchana. Nilimwambia hivyo wiki ya kwanza, nikijiona nimeshajua kazi. Akanijibu, "Hii ya kwangu." Tukifika ukumbini anapima upya kwa kitambaa cha meza ya keki.

Mama Mdogo Dar: Jamani 😭

Shangazi Ngamiani: Ndiyo maana Dar ilimshinda. Aliitwa kule enzi filamu za Kariakoo zimepamba moto, akakaa wiki mbili akarudi. Akasema pesa ipo, ila huko mtoto unamkuta kalala, unamwacha kalala.

Mdogo Wake: Mimi nakumbuka begi la kamera. Akirudi usiku tunaamka kulipekua. Pilau kwenye mfuko wa nailoni, pembeni ya betri. Begi lilinuka iliki hadi leo linanuka.

Kijana wa Taa: Ile pilau alikuwa anaiomba kabla hata hajafunga stendi. Malipo yenyewe haombi hivyo. Kuna watu wameshazaa watoto watatu, harusi hawajamaliza kulipa.

Baba Mkubwa: Madeni tusiyaweke humu. Tutakaa.

Binti wa Marehemu: Kwenye moja mkono wake unaingia, ana ile saa ya mkanda wa ngozi. Ananyoosha karatasi. Anasema, "Inua kidogo mama. Hapo hapo. Usicheke."

Mama Mdogo Dar: Sauti yake inasikika?

Binti wa Marehemu: Kama yuko chumba cha pili.

Shangazi Ngamiani: Tuiweke Jumamosi watu waisikie.

Baba Mkubwa: Kwenye dua hakuna video.

Shangazi Ngamiani: Haya kaka.

Baba Mkubwa: Baada ya isha, wageni wakishaondoka. Watu wa nyumbani tu, na mama yao awepo. Deki ninayo, ila waya sijui uko wapi.

Kijana wa Taa: Hizo ndogo hazitaki deki mzee, kamera inachomekwa kwenye TV. Waya nitakuja nao. Ila zile VHS zenye ukungu msizitie kwenye mashine yoyote, zitachafua hedi na kuambukiza nzima. Nitazisafisha mwenyewe, polepole.

Baba Mkubwa: Njoo mapema basi. Na wewe wa Muheza, mbuzi.

Baba Mdogo Muheza: Kaka nimeshasema kesho!