Mbunge ana kesi ya madai na malalamiko ya maadili kwa pamoja: kipi kinaweza kumwondoa?

Mdadisi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mbunge aliye madarakani amefunguliwa kesi ya madai kwa mkopo aliouchukua binafsi. Papo hapo kuna malalamiko Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kwamba deni hilo hakulitamka. Je, moja linasubiri jingine? Akishindwa kesi, kiti kinaondoka? Na wito anapelekewaje ilhali muda mwingi yuko Dodoma?

Wakili wa Kata
Mkuu, hizo ni njia mbili, na kila moja ina mwisho wake.

Kesi ya madai ni ya mdai na mdaiwa. Kinga ya Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inahusu anayoyasema na kuyafanya ndani ya Bunge. Mkopo wake binafsi haumo. Akishapokea wito ana siku 21 za kujibu kwa maandishi. Asipojibu, mdai anaomba shauri lisikilizwe upande mmoja. Akishindwa, kinachofuata ni kukazia hukumu: mali inakamatwa na kuuzwa, au fedha zinashikwa kwenye akaunti. Ibara ya 71, inayoorodhesha sababu za kupoteza ubunge, haitaji kushindwa kesi ya deni.

Inachotaja ni maadili. Ikithibitika amevunja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, au akishindwa kutoa tamko la mali linalotakiwa na Ibara ya 70, hapo kiti kiko hatarini. Sheria hiyo, Na. 13 ya 1995, inataka tamko la rasilimali na madeni ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mali za mwenza na za watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa zinaingia pia. Kwa hiyo kudaiwa si kosa. Kosa ni kuficha, na hapo nyaraka za kesi ya madai zina uzito mkubwa: mkataba wa mkopo una tarehe na sahihi. Ukiwekwa kando ya tamko la mwaka uleule, pengo linaonekana lenyewe.

Karani Mstaafu
Kuhusu wito: usimpelekee ndani ya viwanja vya Bunge kikao kikiendelea, Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge haitaki hivyo. Mpelekee nyumbani au ofisini kwake. Akikwepa, mpeleka wito aape kiapo kueleza alikwenda lini, wapi, akamkuta nani. Kisha omba amri ya mahakama wito utangazwe gazetini. Wengi hukimbilia gazeti bila kiapo hicho, na hukumu ya upande mmoja inakuja kutenguliwa baada ya mwaka mzima wa kazi. Inauma sana.

Kosa jingine ni kumshitaki waziri binafsi kwa jambo alilolifanya kwa cheo chake. Hilo ni shauri dhidi ya Serikali: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na linafunguliwa Mahakama Kuu. Ukikosea hapo, pingamizi la awali linalimaliza kabla ushahidi haujasikilizwa.

Mdadisi
Asanteni. Na Baraza la Maadili lenyewe, linalosikiliza malalamiko hayo, linaweza kumvua ubunge?

Wakili wa Kata
Hapana. Linachunguza na kutoa taarifa yenye mapendekezo. Angalieni sakata la Tegeta Escrow, la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Escrow na baadhi yake kuwafikia viongozi. Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, aliondolewa uwaziri Desemba 2014 kwa uamuzi wa Rais Kikwete, lakini alibaki mbunge wa Muleba Kusini. Februari 2015 Baraza, chini ya Jaji mstaafu Msumi, likaanza kuwahoji viongozi waliotajwa. Tibaijuka alieleza kwamba shilingi bilioni 1.6 alizopokea zilikuwa mchango wa shule. Andrew Chenge, mbunge mwingine aliyetajwa, aliweka pingamizi akitumia amri ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo, Mdadisi, kisheria hakuna linalosubiri jingine, ila amri ya mahakama inaweza kutumika kama breki, na mlalamikaji ajiandae kuijibu. Mbunge William Ngeleja, naye aliyetajwa, alirudisha shilingi milioni 40.4 Julai 2017, lakini kurudisha fedha hakufuti swali la kwa nini zilipokelewa.

Karani Mstaafu
Ubishi wa kama kiti kiko wazi unaanzia Mahakama Kuu, Ibara ya 83. Malalamiko ya Sekretarieti yaandikeni kwa tukio, tarehe, kiasi na kielelezo. "Ana mali nyingi kuliko mshahara wake" bila namba ya kiwanja wala ya gari haimpi mchunguzi pa kuanzia.