Bosi amekataa kuchapa bango la Maulidi, sheria inamruhusu?

Mchapaji_RiverRoad:
Wakuu habari zenu, kuna kitu kinanisumbua tangu wiki jana naomba wenye kujua sheria wanisaidie. Nafanya kazi kwa duka la kuchapisha hapa River Road, Nairobi, mabango, kadi za harusi, vitabu vya risiti, fulana, kila kitu. Bosi wangu ameokoka na ni mtu mzuri sana kwangu, hilo siwezi kumnyima. Sasa kuna mama mmoja Muislamu, kastoma wetu wa siku nyingi, ana hoteli yake Pumwani na menyu zote tumemchapia sisi. Akaja na flashi anataka bango la Maulidi la mtaani kwao, mita tatu kwa moja, na zile pete za kufungia kamba kwenye kona. Nikafungua dizaini, bosi akasimama nyuma yangu, kuona tu Bismillahi pale juu akachomoa flashi mwenyewe akamrudishia, akamwambia mama hii kazi sisi hatufanyi, jaribu jirani. Mama akauliza, kwani mashine imeharibika? Bosi akasema hapana, ni imani yangu tu. Mama akaweka flashi kwa pochi akasema haya mwanangu, akaenda zake. Na mashine saa hiyo ilikuwa inatoa mabango ya krusedi!

Nilimuuliza baadaye akasema Katiba inamlinda, hakuna wa kumlazimisha. Ni kweli? Na mimi niliye kwa mashine nasimama wapi, maana kesho ataniambia nimfukuze mwingine.

Mzee_wa_Kahawa:
Kijana, duka ni lake, kodi analipa yeye, stima analipa yeye. Mwenye bucha Eastleigh hauzi nguruwe na sijaona mtu amempeleka kortini. Hata Marekani yule mwoka keki wa Colorado aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili alishinda Mahakama ya Juu 2018. Mtu asilazimishwe kuchapa dua ya dini nyingine kwa mikono yake, hiyo ni dhambi kwake hata kama kwako ni wino tu. River Road imejaa wachapaji, mama hakukosa pa kwenda.

Wakili_Mtaani:
Mzee heshima kwako, lakini mfano wa bucha haushiki. Mwenye bucha hauzii nguruwe mtu yeyote, Mkristo akija hapati, Muislamu akija hapati. Bosi wa huyu kijana anauza mabango ya dini kila wiki, ila anachagua dini gani.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu 32(4) kinasema kweli mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, hapo bosi hajadanganya. Ila asome pia 32(3) iliyo juu yake tu, mtu asinyimwe kuingia taasisi, kazi, huduma au kufurahia haki yoyote kwa sababu ya dini yake. Halafu 27(5) inakataza MTU kumbagua mtu mwingine, sio serikali peke yake, na 20(1) inasema hizi haki zinatufunga sote, kwa hivyo "duka ni langu" haikutoi ndani ya Katiba. Haki mbili zikigongana unaenda Kifungu 24, pale kuna kuangalia haki ya mmoja isiumize ya mwenzake.

Ile ya Colorado alishinda kwa sababu tume ya jimbo iliidharau imani yake waziwazi wakati wa kusikiza kesi, korti haikusema kila mwenye duka anaweza kukataa watu. Kesi inayomsaidia bosi zaidi ni ya Ashers, duka la keki la Belfast, Mahakama ya Juu ya Uingereza 2018. Walikataa kuandika kwenye keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, majaji wakasema wamekataa ujumbe, sio mtu, kwa sababu hata kastoma mwingine yeyote angeleta maneno hayo wangekataa.

Mchapaji_RiverRoad:
Wakili hapo ndipo bosi atasimama, atasema menyu za huyo mama alichapa, ni bango tu amekataa.

Wakili_Mtaani:
Atasema hivyo na si hoja ya kutupa. Lakini nani mwingine ataleta bango la Maulidi kama sio Muislamu? Ile ya Belfast ilikuwa msimamo ambao mtu wa aina yoyote anaweza kuwa nao, hii ni ibada ya watu wenyewe, ukikataa ibada yao umewakataa. Na imani peke yake haijawahi kuwa kinga ya kila kitu, mwaka 1968 kule Marekani mwenye mikahawa ya nyama choma ya Piggie Park alidai dini yake inamkataza kuchanganya weusi na weupe mezani, korti ikaitupa hiyo hoja bila kupoteza muda. Mimi nikiwa jaji ningempa mama ushindi. Angekuwa hachapi mambo ya dini yoyote, krusedi pia hapana, ningemuacha bosi kwa amani.

Dereva_Eastleigh:
Mimi ni Muislamu na teksi ndio kazi yangu. Ijumaa usiku nabeba watu kutoka Westlands na chupa zao mkononi, sipendi, harufu inabaki hadi asubuhi, lakini nawafikisha. Ndugu zetu Wasomali walio madereva wa teksi uwanja wa ndege wa Minneapolis, Marekani, walikuwa wanakataa abiria wenye pombe, 2007 mamlaka ya uwanja ikaweka adhabu, ukikataa mara ya kwanza siku 30 nje, ya pili leseni inaenda miaka miwili. Niliona ni sawa, ukichukua leseni ya kubeba umma beba umma. Mimi nimebeba chupa za watu miaka yote hii, sasa bango la Maulidi linamuumiza bosi wapi?

Mama_Wawili:
Mzee wa Kahawa hiyo "hakukosa pa kwenda" imeniuma. Nilitafuta nyumba nikiwa na buibui, keateka akanionyesha hadi jikoni, landilodi alipofika akasema imechukuliwa. Kibao cha nyumba kilibaki getini wiki nzima. Ndio nilipata kwingine, lakini watoto walikuwa nami na walisikia.

Mzee_wa_Kahawa:
Pole sana dada, hiyo ya nyumba ni ubaya mtupu na siitetei. Bado naona kuandika dua ni tofauti na kukodisha chumba.

Mchapaji_RiverRoad:
Asanteni. Jumatatu naongea naye, nitamwambia aniachie mimi hizo kazi, mimi sina shida nazo, yeye asiziguse. Wakili, akinifuta kwa sababu nimekataa kufukuza kastoma?

Wakili_Mtaani:
Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka awe na sababu halali na akusikize kwanza kabla ya kukufuta. Hilo wazo la wewe kushika hizo kazi ni zuri, anza nalo. Na andika tarehe na maneno yaliyosemwa siku ile ukiwa bado unakumbuka.