Binti anataka jina la Yoana wa Arc kwenye kipaimara, bibi kagoma. Nishaurini

MamaMdogo_Msimamizi:
Wakuu habari za jioni. Binti wa dada yangu ana miaka 13, mwezi ujao anapata kipaimara na mimi ndo msimamizi wake. Wenzie wamechukua Monika, Rita, Anna, huyu kang'ang'ania Yoana wa Arc, yule msichana wa Ufaransa aliyeongoza jeshi kupigana na Waingereza, mpaka kamchora nyuma ya daftari la katekisimu yuko juu ya farasi na upanga mrefu kuliko farasi mwenyewe 😂. Sasa bibi yake kakataa katakata, anasema mjukuu wake hachukui jina la mtu aliyechomwa moto kwa uzushi, tena na kanisa, tena alikuwa anavaa suruali. Mtoto analia, bibi hataki hata kula na sisi, mi niko katikati. Nifanyeje?

mzee_wa_kahawa:
Bibi hajakosea yote, kweli walimchoma Rouen pale sokoni, 30 Mei 1431, ana miaka kama 19 tu. Ila muulize nani alihukumu. Askofu Cauchon alikuwa mtu wa Waingereza, na Waingereza ndo walimnunua Yoana toka kwa Waburgundi, Wafaransa waliokuwa upande wao, kwa livre 10,000 (pesa ya Ufaransa enzi hizo), sasa kesi hiyo unashindaje? Walikuwa na kinyongo cha Orléans, mji wameuzingira tangu Oktoba 1428, binti kafika mwisho wa Aprili, tarehe 8 Mei wanafungasha. Julai ya mwaka huohuo, 1429, Charles wa 7 anatawazwa mfalme wa Ufaransa kule Reims. Halafu binti alipokamatwa Compiègne, mfalme huyohuyo hakumkomboa. Hapo ndo huwa naumia aisee.

Bwana_Mteremko:
Mpeni Rita yaishe, mtoto wa miaka 13 anajua nini.

mzee_wa_kahawa:
Mkuu, Yoana alisema alianza kusikia zile sauti ana miaka hiyohiyo 13, bustanini kwa baba yake Domrémy 😅

KatekistaMstaafu:
Hilo la suruali, mweleze bibi kwamba gerezani alilindwa na askari wanaume, kafungwa minyororo, na yale mavazi ya kiume yalikuwa yanafungwa kwa kamba imara. Mama yeyote ataelewa. Halafu mfundishe binti jibu la Yoana mahakamani. Walimtega, je, uko katika neema ya Mungu? Akisema ndiyo ana kiburi, akisema siyo kajihukumu mwenyewe. Akajibu, kama simo Mungu aniingize, kama nimo Mungu anitunze humo. Na kusoma hakujua! Huyo ni somo hasa. Papa Benedikto wa 15 alimtangaza mtakatifu mwaka 1920, kwa hiyo jina halina shida kanisani.

Mama_wa_Wanne:
Bibi hatatulizwa na papa, atatulizwa na mama mwenzie. Msimulie Isabelle Romée, mama yake Yoana. Mwanae kachomwa, majivu wamemwaga mto Seine hata kaburi hakuna, miaka 24 imepita, mwaka 1455 yule bibi mzee kaenda Notre-Dame kule Paris mbele ya wajumbe wa papa kudai kesi irudiwe. Julai 1456 hukumu ikafutwa. Usimwambie mezani kama kikao, mwambie mikono ikiwa na kazi. Na huyo msanii wetu mwambie Yoana alisema anaipenda bendera yake mara 40 kuliko upanga, aliibeba mwenyewe ili asiue mtu.

MamaMdogo_Msimamizi:
Mrejesho. Jana tunachambua choroko nikamsimulia bi mkubwa. Kimya tu, mpaka nilipofika pale mama anasimama Notre-Dame ndo kauliza, "Na mumewe alikuwa wapi?" Nikamwambia alishafariki. Kachambua weee, halafu kamwita mjukuu alete daftari. Upanga umeshageuzwa bendera ila alama ya kifutio bado inaonekana. Bibi kavaa miwani, kaangalia mudaa, kasema, "Huyu farasi ana miguu mitano."

Jumapili naandikisha jina.