Naomba ushauri: kugeuza logi za debug za nginx kuwa kurasa za wavuti zinazosomeka

FundiSeva (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za kazi. Ninasimamia seva ya duka dogo la mtandaoni, na mbele ya programu yetu tumeweka nginx, yaani programu ya seva inayopokea maombi ya wateja na kuyapitisha nyuma. Mteja akilalamika kwamba oda yake imekwama, wenzangu wa dawati la huduma huniletea suala hilo, nami huwasha logi (kumbukumbu za seva) za ngazi ya debug, yaani zenye undani wote, ili nione kilichotokea. Faili linalopatikana halisomeki kwa mtu asiyelizoea: ombi moja huzaa mistari chungu nzima, na kwa kuwa seva huhudumia watu wengi kwa pamoja, mistari ya mteja mmoja hupishana na ya mwingine. Mfano wa mstari ni huu:

2024/05/14 10:22:31 [debug] 1187#1187: *4521 http header: "Host: duka.example"

Ningependa mwenzangu wa dawati aweze kufungua ukurasa kwenye kivinjari na kuufuatilia mwenyewe. GoAccess nimeitazama, ila hiyo husoma access log (orodha ya maombi yaliyohudumiwa) na kutoa takwimu za wageni, jambo ambalo silo ninalolihitaji. Je, ipo programu iliyo tayari, au niandike skripti ya Python?

Kalamu ya Chuma

Mkuu, jaribu aha. Ni programu ndogo ya mstari wa amri inayopokea maandishi yenye rangi za terminali na kutoa HTML yenye rangi zile zile. Unaielekezea faili, na ukurasa unatoka papo hapo.

Mtunza Mitambo

Kwa heshima zote, Kalamu ya Chuma, aha inafaa pale ambapo programu yenyewe imepaka logi zake rangi. Faili la nginx ni maandishi matupu, kwa hiyo utakachopata ni mistari ile ile iliyochanganyika, safari hii ikiwa ndani ya kivinjari.

Ndugu mleta uzi, ufumbuzi umo katika mstari uliotuonyesha. Baada ya tarehe, saa na ngazi, 1187#1187 ni namba ya mchakato na ya uzi wake (thread), na namba inayofuata nyota, yaani 4521, ni ya muunganisho. Skripti yako isome faili mstari kwa mstari, ikusanye mistari yote yenye namba moja ya muunganisho, kisha iandike kila kundi ndani ya elementi ya HTML iitwayo details, huku summary yake, yaani kichwa kinachoonekana ikiwa imekunjwa, ikibeba saa, anwani iliyoombwa na jibu lililotolewa. Kivinjari kitayakunja na kuyakunjua makundi hayo bila JavaScript hata kidogo. Kila kundi lipe id yake, ili mtu wa dawati aweze kukutumia kiungo kinachoishia na #4521 badala ya kukupigia picha ya skrini. Mistari ya error na crit (hitilafu na hitilafu nzito) ipake rangi, ya debug iache ilivyo. Ukipaka kila kitu rangi, hakuna kitakachoonekana.

FundiSeva

Nashukuru sana, nimeanza kuandika. Hata hivyo ninaona namba moja ya muunganisho ikibeba maombi kadhaa, wakati mwingine ukurasa pamoja na picha zake zote. Je, hilo ni kosa la skripti?

Mtunza Mitambo

Hapana, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kivinjari huuacha muunganisho wazi ili kiutumie tena, kwa hiyo ndani ya kundi moja anza kifungu kipya kila unapokutana na maneno "http request line". Kwa HTTP/2, toleo la pili la itifaki ya wavuti, njia hiyo haitoshi, kwa sababu maombi mengi husafiri kwa pamoja ndani ya muunganisho mmoja. Hapo tumia kigezo $request_id, yaani utambulisho wa pekee wa kila ombi, ambacho nginx inacho tangu toleo 1.11.0: kiweke kwenye log_format yako (mpangilio wa mistari ya access log), kisha kipitishe kwa programu ya nyuma kupitia proxy_set_header (agizo la kuweka kichwa kwenye ombi), na programu nayo ikiandike katika logi zake. Ukifanya hivyo utaweza kuunganisha upande wa nginx na upande wa programu katika ukurasa mmoja, na kwa maoni yangu huo ndio utakaomfaa mtu wa dawati kuliko logi ya debug peke yake.

Bi Usalama

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Sehemu kubwa ya logi hiyo imeandikwa na watu wa nje: anwani wanazoomba na jina la kivinjari wanalojitangazia vyote vinatoka kwao. Mtu akituma User-Agent (jina hilo la kivinjari) yenye lebo ya script, nawe ukaimwaga ndani ya HTML bila kuisafisha, msimbo wake utatekelezwa kwenye kivinjari cha mfanyakazi wenu. Kila thamani ipitishe kwenye html.escape ya Python, inayogeuza alama za HTML kuwa maandishi ya kawaida, kabla ya kuweka lebo zako mwenyewe, wala usitangulize lebo kisha ndipo usafishe. Kwa kuwa ukurasa hauhitaji JavaScript, weka pia Content-Security-Policy, yaani masharti kinayopewa kivinjari, inayoikataza kabisa.

La pili ni kwamba logi ya debug huandika vichwa vya maombi jinsi vilivyo, pamoja na Cookie na Authorization. Anayezisoma thamani hizo anaweza kuingia kwenye akaunti ya mteja. Zifute katika skripti yenyewe, kabla ukurasa haujaandikwa, na faili ghafi libaki mahali ambapo wewe tu unalifikia. Kama mko Tanzania, kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata mkiwa duka dogo.

FundiSeva

Hilo la Cookie nitalishughulikia leo. Swali langu la mwisho: faili huwa kubwa mno na kivinjari huganda. Nigawanye kurasa kwa saa?

Mtunza Mitambo

Gawanya kwa saa, na uwe na ukurasa mmoja wa faharasa. Ila punguza kwanza kwenye chanzo: tumia agizo la debug_connection ndani ya sehemu ya events ya usanidi wa nginx, uitajie IP ya mteja mwenye tatizo, ili wengine wote wabaki kwenye ngazi ya kawaida. Hakikisha kwa amri ya nginx -V kwamba toleo lako lilijengwa kwa --with-debug, ingawa kwa mfano wa mstari uliotuletea, naona hilo tayari unalo.